Wasiwasi umetulia, kazi zimelala

Mwezi huu nimejibu barua tatu, zote kuhusu ADHD na wasiwasi kwa watu wazima. Kwa asiyeifahamu, ADHD ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, inayoyumbisha umakini, kumbukumbu ya papo hapo na uwezo wa kujizuia. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nilivyopanga, na sitaomba radhi kwa hilo, kwa maana kila mwaka huniletea watu wenye kilio hicho hicho.

*

Shikamoo Mama. Nina miaka 36, ni mhasibu. Mwaka jana daktari wa magonjwa ya akili aliniambia nina mambo mawili kwa pamoja: ADHD na ugonjwa wa wasiwasi. Tukaanza na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa silali. Sasa ni mwezi wa nne natumia dawa na kuonana na mnasihi kila wiki. Usingizi umerudi, kifua hakinibani tena. Tatizo ni kazi. Zamani nilikuwa nafika ofisini kabla ya watu wote kwa kuogopa kuchelewa. Barua pepe nilikuwa naisoma mara sita ndipo niitume. Ripoti nilikuwa naikesha usiku wa mwisho huku natetemeka, lakini ilikuwa inafika. Sasa sitetemeki, na ripoti haifiki. Mwezi huu nimechelewa vikao vitatu, na ripoti ya robo mwaka ina wiki tatu sijaigusa. Mume wangu anasema dawa zimenifanya mvivu. Nafikiria kuziacha ili hofu irudi, maana angalau ilikuwa inanisukuma. Nishauri kabla sijapoteza kazi.

Marahaba, mwanangu. Naanza na la haraka: usiache dawa kwa uamuzi wako peke yako. Dawa nyingi za wasiwasi zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto nzito, hata hisia kama ya umeme unaopita kichwani, na wasiwasi wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu. Ukitaka kupunguza, aliyekuandikia ndiye wa kukupangia namna ya kushuka taratibu.

Mimi niligunduliwa nikiwa na miaka 44. Nilikuwa mhariri, na kwa karibu miaka 20 hakuna muswada nilioumaliza pasipo hofu. Nilipotibiwa wasiwasi yakanikuta hayo hayo yaliyokukuta wewe. Kulikuwa na bahasha moja ya kahawia juu ya meza ndogo karibu na mlango. Zamani bahasha kama ile ingenifunga tumbo: ningeipita siku tatu nikigeuza uso, na siku ya nne, saa nane usiku, ningeamka na kuichana. Safari hii sikugeuza uso. Niliiona kila siku. Nikaiwekea funguo juu yake, nikaiwekea miwani, kona yake moja ikaanza kukunjika. Tumbo halikunifunga hata kidogo. Wiki ya saba nilipoifungua, ndani mlikuwa na fomu ya kurasa mbili iliyotaka saini yangu tu, na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku kumi na moja. Nililia pale pale mlangoni. Fomu ilirekebishika. Kilichoniliza ni wazo kwamba bila hofu mimi si mtu wa kutegemewa, na naona wazo hilo ndilo linalokutesa na wewe.

Hebu tulitazame. Miaka yote hiyo hofu ilikuwa imejiajiri kichwani mwako ikifanya kazi tatu: kukukumbusha, kukuanzisha na kukukagua. Matibabu yameiondoa, na ni vizuri yalivyoiondoa. Lakini zile kazi tatu zimebaki bila mtu. ADHD yako haijaongezeka; ilikuwepo tangu utotoni, imefunikwa na mfanyakazi mkali asiyelala. Sasa kifuniko kimetoka na unaiona ilivyo, pengine kwa mara ya kwanza. Na hili halikukupata wewe peke yako: karibu nusu ya watu wazima wenye ADHD wana tatizo la wasiwasi pia.

Kwa nini hofu ilikuwa inafanya kazi? Kwa wenye ADHD, mifumo ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazosaidia ubongo kuona jambo ni la maana na kuanza kulitenda, haiendi sawasawa. Kujua kwamba ripoti ni muhimu hakutoshi kuinyanyua mikono. Ubongo huamka kirahisi zaidi jambo likiwa jipya, likipendeza, au likiwa linaungua. Hofu ndiyo inayofanya kila kitu kionekane kinaungua. Ikishika, mwili hujaa kemikali za dharura, na ubongo uliokuwa umesinzia unaamka.

Lakini kumbuka vizuri uliamka namna gani. Mwaka 1908 watafiti wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia, wakiwapa mshtuko wa umeme kila walipokosea. Uchaguzi ulipokuwa rahisi, mshtuko mkali uliwafanya wajifunze haraka. Uchaguzi ulipokuwa mgumu, mshtuko mkali uliwavuruga, na ule wa kiasi ndio uliowasaidia. Naona barua yako yote humo. Hofu iliweza kukufikisha ofisini mapema, kwa sababu kufika ni kazi rahisi. Ripoti ni kazi ngumu, na ndiyo maana ilikuwa inakungoja mpaka usiku wa mwisho, ikaandikwa kwa mikono inayotetemeka. Ulikuwa unasukumwa, ndiyo, lakini ulikuwa huandiki vizuri kadiri ya uwezo wako. Usiitamani kwa kile ambacho hata yenyewe haikukupa.

Basi tuzijaze nafasi hizo tatu.

Kukumbusha ndiyo nyepesi. Kichwa chako hakikuumbwa kuhifadhi miadi, kwa hiyo miadi ikae nje ya kichwa, mahali ambapo macho yatagongana nayo. Kuhusu kuchelewa, mwanasaikolojia Russell Barkley amelieleza kwa muda mrefu kama upofu wa muda: kwetu kuna sasa, na kuna si sasa, na kikao cha saa nne kipo kwenye si sasa mpaka kinapokuwa kimeshaanza. Usitegeshe kengele ya saa ya kikao. Tegesha mbili: moja ya kuanza kujiandaa, moja ya kusimama na kutoka. Na kabla ya hapo pima ukweli. Mimi nilikuwa naamini kwamba kutoka kitini hadi nje ya mlango natumia dakika kumi. Nilipopima kwa saa siku tano mfululizo, ilikuwa 23. Nimeandika namba hiyo kwenye karatasi, nimeibandika mlangoni kwa ndani, na bado ipo.

Kuanzisha ndiko kwenye maumivu, na hapo nitakaa kidogo.

Orodha yako ya kazi nina hakika ina neno "Ripoti". Lifute. "Ripoti" haifanyiki, hakuna kidole kinachoweza kufanya "ripoti". Andika mwendo wa kwanza wa mkono: "Fungua faili la robo iliyopita, nakili vichwa vya jedwali kwenye faili jipya." Inaonekana kama jambo la kitoto, na kuna siku utaona aibu kuliandika. Andika hivyo hivyo. Ukuta unaousikia mbele ya ripoti umejengwa na maswali yote unayojiuliza kwa pamoja (nianzie wapi, takwimu za nani hazijafika, bosi atasemaje kuhusu wiki tatu hizi), na mwendo mmoja mdogo haugusi hata swali moja kati ya hayo.

Kisha uufunge mwendo huo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii: ikitokea hivi, nitafanya vile. Kwako iwe: "Nikishaweka mkoba chini, nafungua faili la ripoti kabla ya barua pepe." Isomwe kwa sauti asubuhi, kabla hujatoka. Barua pepe ndiyo adui hapo, kwa sababu kila moja ni jambo jipya linaloungua kidogo, na ubongo wako utazifuata zote mpaka saa sita mchana.

Na tafuta mtu wa kukaa naye. Hahitaji kujua uhasibu, wala kukusimamia. Mimi na rafiki yangu, mwenye hali kama yetu, tunapigiana simu ya video saa tatu asubuhi siku za kazi. Kila mmoja anasema anachokwenda kufanya, tunazima sauti, tunafanya kwa dakika 50. Namwona pembeni ya kioo ameinama, naye ananiona. Mwisho tunawasha sauti na kusema tulipofikia. Kuna siku nasema, "Nimefungua faili, nikaandika mistari minne." Anaitikia, "Haya, kesho." Hakuna anayekaripiwa. Mistari minne kila siku ndiyo iliyomaliza muswada wangu wa kwanza usio na hofu, mwaka mmoja baada ya ile bahasha.

Kukagua nitakupitisha haraka. Hofu ilikusomesha barua pepe mara sita kwa sababu haijui kutosha ni kiasi gani. Chukua makosa yako halisi ya miezi sita iliyopita, yale yaliyotokea kweli, uyaandike. Wengi wetu tutakuta ni matatu au manne yanayojirudia. Yangu ni tarehe, majina ya watu, na kiambatisho kilichosahaulika. Nakagua hayo matatu, nasoma mara moja kwa sauti, natuma.

Sasa rudi kwa daktari wako, na usiende kumwambia "siko sawa". Mpelekee kama ulivyoniandikia mimi: vikao vitatu, wiki tatu, usingizi umerudi. Kuanza na tatizo linalomtesa mtu zaidi ni utaratibu wa kawaida, na kwako lilikuwa usingizi na wasiwasi. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. ADHD bado haijatibiwa, na dawa za wasiwasi pekee haziwezi kuitibu. Mwulize kuhusu dawa za ADHD yenyewe. Za kuamsha, kama methilifenidati, hufanya kazi siku ile ile, nazo zinaweza kupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo utapimwa kabla na utafuatiliwa. Atomoksetini haimo kwenye kundi hilo na huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Mtajie jina la dawa unayotumia sasa hata kama anaijua, kwa maana baadhi ya dawa za wasiwasi, kama fluoksetini na paroksetini, hupandisha kiwango cha atomoksetini mwilini. Mnasihi naye mwulize kama ana uzoefu na tiba ya fikra na tabia iliyopangwa kwa watu wazima wenye ADHD; inafundisha mambo haya niliyoyataja kwa mpangilio mzuri kuliko wangu.

Jambo moja nataka ulichunguze kwa uaminifu. Je, umepoteza hamu hata ya vitu unavyovipenda? Kama muziki hauna ladha, marafiki hawana maana, na ripoti ni kimojawapo tu kati ya vingi usivyovijali, mwambie daktari hivyo hivyo. Dawa za wasiwasi kwa baadhi ya watu hufifisha hisia, na sonona nayo hujificha hapo. Kipimo cha dawa kinaweza kubadilishwa. Lakini kama hamu ipo, unataka kuifanya ripoti, unaketi mbele yake saa mbili nzima na mkono hauendi, hiyo ni ADHD.

Na mumeo msomee aya hii. Bwana, mtu mvivu huridhika asipofanya. Mkeo ameketi mbele ya kazi yake akiumia, akiwa tayari kuurudisha ugonjwa uliomnyima usingizi ili mradi kazi iende. Sijui jina la jambo hilo, ila uvivu silo.

*

Mama, shikamoo. Nina miaka 24. Kila video ya ADHD ninayotazama ni kama wananisema mimi. Lakini pia nina wasiwasi mwingi tangu nianze kazi mwaka juzi. Nitajuaje kama ni ADHD au ni wasiwasi tu?

Marahaba. Video hizo zimewasaidia wengi kujitambua, nawashukuru wanaozitengeneza kwa nia njema, lakini dakika moja haiwezi kukuuliza swali muhimu kuliko yote: ulikuwaje ukiwa na miaka tisa?

ADHD haianzi kazini. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12 (toleo lililotangulia lilidai kabla ya miaka 7), na zionekane zaidi ya sehemu moja ya maisha, tuseme nyumbani na kazini pia. Kwa mtu mzima wanahesabu angalau dalili tano za kutokuwa makini, au tano za kutotulia na kukurupuka. Kwa hiyo tafuta ripoti zako za shule ya msingi. Soma maoni ya walimu, achana na alama. "Ana akili ila haangalii ubao", "anasahau madaftari", "anajibu kabla ya kuulizwa": maneno kama hayo yakijirudia mwaka hadi mwaka ni ushahidi. Mwulize pia aliyekulea. Na usidhani kwamba mtoto mwenye ADHD lazima awe mtukutu. Wako wanaokaa kimya nyuma ya darasa wakiota mchana kutwa, wasichana wengi wakiwa miongoni mwao, na hao ndio wanaogunduliwa wakiwa na miaka 40.

Njia nyingine ninayoipenda ni kujiuliza: akili yangu ilipotoka kwenye kikao, ilikwenda wapi? Ya mwenye wasiwasi mara nyingi hurudi mahali pale pale, kwenye hatari: nitafukuzwa, nimemuudhi, nitaumwa. Ya mwenye ADHD huenda popote, kwenye feni, kwenye neno moja lililosemwa, kwenye wazo la biashara. Ukikuta yako inakwenda kote kuwili, huenda unayo yote mawili.

Kuna dodoso la watu wazima lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 18, na sita ya mwanzo ndiyo yenye uzito zaidi. Lijaze, ulipeleke kwa daktari. Halitoi jibu la mwisho, linafungua mazungumzo. Mwombe daktari aangalie pia tezi ya shingo, upungufu wa damu, na kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa sababu yote hayo huvuruga umakini na yana tiba yake.

*

Mke wangu ana ADHD na wasiwasi. Nikimkumbusha jambo anakasirika, anasema namfanya mtoto. Nisipomkumbusha linaharibika na lawama ni za wote. Nifanyeje, Mama?

Baba, soma jibu langu la kwanza, uone hofu ilivyokuwa ikifanya kazi ya kukumbusha. Unapomkumbusha katikati ya siku, ukiwa mlangoni, sauti yako inaingia kwake ikiwa na sura ya ile hofu, hata kama umeongea kwa upole. Mwili wake unajihami kabla hajasikia maneno.

Ondoeni ukumbusho mdomoni mwako muuweke ukutani. Ubao mmoja, mahali mnapopita wote, na dakika 20 kwa juma, siku na saa ile ile, mkiwa mmeshakula na hakuna aliyechoka sana. Yeye ndiye ashike kalamu. Kila jambo liwe na jina la mmoja wenu. Lenye jina lake usiliguse wala usiliulizie mpaka kikao kijacho, hata likichelewa, isipokuwa lile ambalo likiharibika halirekebishiki. Hayo ya mwisho yatenganisheni mapema kwa wino mwekundu, na mkubaliane kwa maneno yake yeye ni namna gani akumbushwe. Mwenzangu wa nyumbani, kwa mfano, nilimwomba aniulize swali moja tu: "Nikae hapa?" Nikisema ndiyo, analeta kitabu chake, anaketi upande wa pili wa meza, haulizi kingine.

Mkianza, msipime chochote kabla ya wiki sita. Wiki mbili za mwanzo ubao utakuwa umejaa na kalamu haionekani. Nunueni mbili, moja ifungwe kwa kamba kwenye ubao.